René Descartes na Namba Ndogo Iliyopanda Juu

Ndugu mtahiniwa, kila unapoandika x³ au 5a⁴ katika mtihani wa hisabati, unatumia mwandiko uliowekwa na René Descartes, Mfaransa aliyefariki mwaka 1650. Huenda jina lake umeshalikuta katika jometri ya kuratibu, kwa kuwa mfumo wa mhimili wa x na mhimili wa y umepewa jina lake. Wanafalsafa nao humtaja sana. Hapa tutamfuata kwa upande wa aljebra. Utaona namna namba ndogo ilivyopanda juu ya herufi, na kwa nini jambo hilo, linaloonekana dogo leo, lilihitaji kwanza kuvunja wazo lililokuwa limefunga mikono ya wanahisabati kwa karne nyingi. Kila tutakapofika penye kanuni ya vipeo tutasimama tuirudie. Kwa hiyo soma ukiwa na kalamu na karatasi.

1. Utoto na shule

Descartes alizaliwa tarehe 31 Machi 1596 katika mji mdogo wa La Haye, mkoa wa Touraine, Ufaransa. Siku hizi mji huo unaitwa Descartes kwa heshima yake. Baba yake, Joachim, alikuwa mshauri katika mahakama kuu ya Bretagne mjini Rennes. Mama yake, Jeanne Brochard, alifariki wakati mtoto ana umri wa mwaka mmoja na miezi michache tu, hivyo akalelewa na bibi yake.

Alipokua alipelekwa katika shule ya bweni ya Wajesuiti huko La Flèche, mojawapo ya shule bora za Ulaya wakati huo. Afya yake ilikuwa dhaifu. Walimu wakamruhusu kubaki kitandani asubuhi wakati wenzake wameshaamka. Muda huo aliutumia kufikiri, na tabia hiyo akaendelea nayo hadi utu uzima. Ikumbuke habari hii, maana mwisho wa maisha yake unahusiana nayo.

Katika masomo yote, hisabati ndiyo iliyompendeza zaidi, kwa sababu jawabu lake lingeweza kuthibitishwa na kila mtu. Katika masomo mengine aliona wasomi wakibishana miaka na miaka bila mwafaka. Alishangaa kwamba juu ya msingi imara namna ile watu walikuwa hawajajenga jengo kubwa zaidi. Mwaka 1616 alihitimu shahada ya sheria katika chuo kikuu cha Poitiers, lakini hakufanya kazi ya uwakili.

2. Askari mwenye kupenda hesabu

Mwaka 1618 alijiunga na jeshi la Mwanamfalme Maurice wa Nassau lililokuwa Breda, Uholanzi. Mwezi Novemba mwaka huo alikutana na Isaac Beeckman, msomi Mholanzi aliyemzidi umri kwa miaka saba na kitu. Beeckman alimpa maswali ya hisabati na fizikia, na Descartes akayachangamkia. Urafiki huo ulimrudisha kwenye hesabu.

Mwaka uliofuata alikuwa Ujerumani. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Novemba 1619, akiwa amejifungia katika chumba kilichopashwa moto kwa jiko, aliota ndoto tatu zilizomgusa sana. Alikuwa na umri wa miaka 23. Kuanzia hapo aliamini kwamba kazi yake duniani ni kutafuta njia moja ya kufikiri itakayoweza kutatua maswali ya kila namna kwa uhakika wa hisabati.

3. Aljebra aliyoikuta

Ili uelewe alichokifanya, tazama kwanza alichokikuta. Neno aljebra limetoka katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kitabu hicho kiliandikwa kwa maneno matupu. Hakikuwa na x wala alama ya kujumlisha. Karne nyingi baadaye watu walianza kufupisha, kila mmoja kwa namna yake.

Mwaka 1484 Mfaransa Nicolas Chuquet aliandika namba ndogo juu ya namba nyingine ili kuonyesha kipeo, lakini kazi yake haikupigwa chapa enzi za uhai wake. Mwaka 1544 Mjerumani Michael Stifel alipanga safu mbili za namba kama hizi:

0, 1, 2, 3, 4, 5
1, 2, 4, 8, 16, 32

Safu ya juu ni vipeo; safu ya chini ni matokeo ya kukizidisha kizio 2 kwa chenyewe. Alionyesha kwamba ukizidisha namba mbili za chini, unajumlisha namba mbili za juu. Mfano: 4 × 8 = 32, na juu yake 2 + 3 = 5. Mwaka 1591 Mfaransa François Viète akatumia herufi si kwa namba isiyojulikana pekee, bali pia kwa namba zinazojulikana. Hata hivyo, vipeo aliviandika kwa maneno: A ya mraba, A ya mchemraba, A ya mraba wa mraba. Hebu fikiria kufanya mtihani mzima kwa kuandika hivyo.

Lakini uzito wa maandishi haukuwa tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo kubwa lilikuwa katika mawazo. Tangu zama za Wagiriki, herufi a ilichukuliwa kuwa urefu wa mstari. Basi a × a ilikuwa eneo la mraba, na a × a × a ilikuwa ujazo wa mchemraba. Sasa a × a × a × a ni umbo gani? Hakuna umbo hilo mbele ya macho yetu. Tena, mtajo kama a² + a ulileta shida, kwa sababu ulionekana kama kujumlisha eneo la shamba na urefu wa kamba. Viète mwenyewe alishikilia kwamba vinavyojumlishwa lazima viwe vya aina moja, vyote maeneo au vyote urefu. Kwa sharti hilo aljebra ilikuwa kama ng'ombe aliyefungwa kamba fupi: haifiki mbali.

4. Kitabu kilichofichwa na kitabu kilichotoka

Mwaka 1628 Descartes alihamia Uholanzi, akaishi huko miaka ipatayo ishirini akihama mji hadi mji ili apate utulivu. Alikuwa karibu kukamilisha kitabu kikubwa kuhusu ulimwengu, ambamo alikubali kwamba dunia inalizunguka jua. Mwaka 1633 zikamfikia habari kwamba Galileo amehukumiwa mjini Roma kwa kutetea jambo hilohilo. Descartes alikiweka kitabu chake kando. Hakikuchapishwa hadi mwaka 1664, naye ameshafariki.

Hakuacha kuandika, ila alichagua kwa uangalifu cha kutoa. Mwaka 1637, mjini Leiden, alichapisha kitabu kuhusu njia ya kutumia akili vizuri, bila kuweka jina lake juu ya jalada. Alikiandika kwa Kifaransa badala ya Kilatini ili kiwafikie hata watu wasio wa vyuo vikuu. Ndani yake aliambatanisha kazi tatu kama mifano ya njia hiyo: moja ya mwanga na lenzi, moja ya hali ya hewa, na ya tatu ya jometri. Hiyo ya tatu ina kurasa zaidi kidogo ya mia moja. Humo ndimo kamba ile fupi ilipokatwa.

Hatua yake ilikuwa hii. Chagua mstari mmoja wowote na uuite kipimo kimoja, yaani 1. Sasa chora pembe yenye kona B. Katika mkono wa kwanza weka A ili BA iwe 1, kisha weka D ili BD iwe 3. Katika mkono wa pili weka C ili BC iwe 2. Unganisha A na C. Halafu kutoka D chora mstari ulio sambamba na AC hadi ukutane na mkono wa pili katika E. Pembetatu BAC na BDE zinafanana. Kwa hiyo BE gawanya kwa BC ni sawa na BD gawanya kwa BA. BE ÷ 2 = 3 ÷ 1, hivyo BE = 6.

Umeona? Umezidisha mstari wa 2 kwa mstari wa 3, na jawabu ni mstari wa 6, wala si mstatili. Zao la urefu kwa urefu limebaki kuwa urefu. Basi ikiwa a = 3, a² ni mstari wa 9, a³ ni mstari wa 27, na a⁴ ni mstari wa 81. Hakuna tena haja ya kuuliza a⁴ ni umbo gani. Na a² + a ni 9 + 3 = 12, bila ugomvi wowote.

Baada ya kufungua mlango huo, aliweka mwandiko uliowafaa wote. Herufi za mwanzo wa alfabeti, a, b, c, alizitumia kwa namba zinazojulikana. Herufi za mwisho, x, y, z, alizitumia kwa zisizojulikana. Kipeo akakiandika kwa namba ndogo juu kulia: a³, a⁴, a⁵. Kwa kipeo cha pili mara nyingi aliandika aa, lakini wewe andika a².

5. Kanuni zinazotokana na mwandiko huo

Kipeo kinahesabu kizio kimeandikwa mara ngapi katika kuzidisha. Ukikumbuka sentensi hiyo moja, kanuni nyingine utazijenga mwenyewe hata kama umezisahau ndani ya chumba cha mtihani.

(a) Kuzidisha. a³ × a⁴ ni a tatu zikifuatwa na a nne, jumla a saba. Hivyo a³ × a⁴ = a⁷. Jumlisha vipeo.

(b) Kugawanya. a⁷ ÷ a³: a tatu za juu zinafutana na tatu za chini, zinabaki nne. Hivyo a⁷ ÷ a³ = a⁴. Toa vipeo. Kizio kisiwe 0.

(c) Kipeo juu ya kipeo. (a³)² ni a³ × a³ = a⁶. Zidisha vipeo.

(d) Kipeo 0. a³ ÷ a³ = 1, na kwa kanuni (b) ni a⁰. Hivyo a⁰ = 1, ilimradi a si 0.

(e) Kipeo hasi. a² ÷ a⁵ = a⁻³. Lakini kwa kufuta unapata 1/a³. Hivyo a⁻³ = 1/a³.

Sasa angalia makosa yanayowapotezea watahiniwa alama:

• 2³ si 6. Ni 2 × 2 × 2 = 8.
• a² + a³ si a⁵. Kanuni (a) ni ya kuzidisha tu. Jaribu a = 2: 4 + 8 = 12, lakini 2⁵ = 32.
• 2a³ si sawa na (2a)³. Bila mabano kipeo kinaishika a peke yake. Penye mabano, (2a)³ = 8a³.
• Kipeo hasi hakifanyi jawabu kuwa hasi. 2⁻³ = 1/8, si −8.

Katika kujumlisha na kutoa, unganisha vipande vya aina moja tu, yaani vyenye herufi ileile na kipeo kilekile. Mfano: 5a² + 3a − 2a² + 4a = 3a² + 7a. Hapo ndipo mwisho. Descartes ameturuhusu kujumlisha 3a² na 7a kama namba tukishajua thamani ya a, lakini kabla ya hapo hatuwezi kuviandika kama kipande kimoja.

6. Njia yake ya kutatua swali

Katika kitabu cha 1637 alieleza kanuni nne za kufikiri. Usikubali jambo hadi uone wazi kuwa ni kweli. Gawanya ugumu katika sehemu ndogo. Anza na sehemu rahisi, panda hatua kwa hatua. Mwishoni kagua yote ili uhakikishe hukuacha kitu. Tuzitumie katika swali hili:

Rahisisha (2x³y)² × 6xy³ ÷ 8x⁴y⁵.

Gawanya: kuna mabano, kuna kuzidisha, kuna kugawanya. Anza na mabano: (2x³y)² = 4x⁶y². Kila kilichomo ndani kimepata kipeo, pamoja na 2. Kisha zidisha: 4x⁶y² × 6xy³ = 24x⁷y⁵. Kumbuka x peke yake ni x¹. Kisha gawanya: 24x⁷y⁵ ÷ 8x⁴y⁵ = 3x³, kwa kuwa y⁵ ÷ y⁵ = y⁰ = 1.

Kagua: weka x = 2 na y = 1. Mtajo wa mwanzo unakuwa 256 × 12 ÷ 128 = 24. Jawabu letu linakuwa 3 × 8 = 24. Yanalingana. Ukaguzi huu hauchukui hata dakika mbili. Haraka haraka haina baraka, hasa penye vipeo.

7. Furaha na msiba

Maisha ya Descartes hayakuwa vitabu pekee. Mwaka 1635 alipata binti, Francine, aliyezaliwa na Helena Jans, mtumishi katika nyumba aliyokuwa amepanga mjini Amsterdam. Descartes hakuwa amefunga ndoa na mama huyo, lakini mtoto alimpenda, na alikuwa na mipango ya kumpeleka Ufaransa akasome. Mwaka 1640 Francine alifariki kwa homa, akiwa na miaka mitano tu. Mwaka huohuo baba yake Descartes naye alifariki. Aliendelea na kazi, na mwaka 1641 akatoa kitabu chake kikubwa cha falsafa.

Kuanzia mwaka 1643 aliandikiana barua na Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia, aliyekuwa akiishi uhamishoni Uholanzi. Mwanamke huyo hakumwogopa mwalimu. Alimwuliza maswali magumu ya falsafa, na Descartes alipompa fumbo la kale la duara tatu, alilishughulikia kwa aljebra hadi mwalimu wake akamsifu.

8. Safari ya mwisho

Malkia Christina wa Sweden alimwalika amfundishe. Descartes alisitasita, kisha akasafiri mwaka 1649. Malkia alikuwa kijana mwenye shughuli nyingi, na saa aliyoitenga kwa masomo ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, katika majira ya baridi kali ya Stockholm. Mtu aliyezoea tangu utotoni kubaki kitandani asubuhi akalazimika kutoka gizani kwenye theluji. Mwanzoni mwa Februari 1650 alishikwa na homa ya mapafu. Alifariki tarehe 11 Februari, akiwa na umri wa miaka 53. Baadaye masalia yake yalirudishwa Ufaransa.

9. Kazi iliyoendelea bila yeye

Jometri yake ilikuwa ngumu kusoma, kwani hatua nyingi aliziruka kwa makusudi akimwachia msomaji azimalize. Mholanzi Frans van Schooten aliitafsiri kwa Kilatini mwaka 1649 na kuongeza maelezo. Tafsiri hiyo ndiyo iliyousambaza mwandiko wa vipeo Ulaya nzima, na miongoni mwa walioisoma ni kijana Isaac Newton wa Uingereza. Descartes alikuwa ametumia vipeo vya namba nzima chanya tu. John Wallis alieleza maana ya vipeo hasi na vya sehemu mwaka 1656, na Newton akaviandika kwa namna yetu mwaka 1676. Kwa hiyo kanuni (e) uliyoisoma hapo juu ni tunda la mti uliopandwa na mmoja na kumwagiliwa na wengine.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini Descartes hakuchapisha kitabu chake kuhusu ulimwengu mwaka 1633?
2. Eleza kwa nini mtajo a² + a uliwatatiza wanahisabati kabla ya Descartes, na jinsi alivyoondoa tatizo hilo.
3. Rahisisha:
(a) x⁵ × x³ ÷ x⁶
(b) (3a²b)³ ÷ 9a⁴b³
(c) 7m² + 4m − 3m² − m
(d) 4p² × p⁻⁵
4. Tafuta n ikiwa 2ⁿ × 8 = 64.

Majibu

1. Alipata habari za hukumu ya Galileo, naye alikuwa ameandika jambo lilelile, kwamba dunia inalizunguka jua.
2. Walidhani wanajumlisha eneo na urefu. Descartes alichagua kipimo kimoja, akaonyesha kwamba zao la mistari miwili linaweza kuwa mstari.
3. (a) x² (b) 3a² (c) 4m² + 3m (d) 4/p³
4. 8 = 2³ na 64 = 2⁶, hivyo n + 3 = 6, n = 3.

Ukikosa swali la 3, usitazame jibu tena. Rudi sehemu ya 5, andika kila herufi kwa urefu wake bila vipeo, uhesabu upya.